Maharagi si chakula cha aibu

Wengi wetu tunaona maharagi na lengalenga kuwa chakula cha shida. Tukipata franka kidogo, tunakimbilia nyama na soda. Mimi sikubali mawazo hayo.

Miaka ya 1950, mtaalamu wa Marekani Ancel Keys alishangaa kuona wakulima maskini wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, hawaugui sana moyo. Walikula maharagi, mboga za majani, matunda, mkate, mafuta ya zeituni na samaki. Nyama mara chache. Mwaka 2010, UNESCO iliandika ulaji wa namna hiyo katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Kivu hatuna zeituni. Lakini tuna maharagi, lengalenga, sambaza, na avoka ambayo mafuta yake yanafanana na ya zeituni.

Shida ni kwamba mama aliyekimbia vita na kuacha shamba hawezi kuchagua. Kwa hiyo naomba: mwenye kiwanja amwazime mkimbizi hata mistari miwili, maana lengalenga huchumwa baada ya wiki chache tu. Wanaogawa chakula wasilete unga peke yake. Na wewe mwenye maharagi, usiyauze yote ili watoto wanywe soda.