Kabla ya kununua printa, hesabu wino wa kijivu

Ukitaka kuchapa picha nyeusi na nyeupe nyumbani, usidanganywe na idadi ya nukta iliyoandikwa kwenye kasha. Hesabu wino wa kijivu. Printa ya rangi nne haina kijivu. Mara nyingi hukitengeneza kwa kuchanganya rangi, na uso wa nyanya yako ukatoka na ukijani kwa mbali. Mimi huandika programu, na nasema programu pekee haitaziba pengo hilo. Epson SureColor P700, iliyotoka 2020, ina wino wa kijivu wa aina mbili. Lakini ni ghali, na ikikaa bila kazi wino hukaukia kwenye matundu. Huchapi kila wiki? Tafuta studio yenye printa kama hiyo. Waonaje?