Mjulishe aliye nyuma kwamba unasimama

Dalili ya mvua ni mawingu. Kwa dereva anayekufuata barabarani, dalili kwamba pikipiki yako inasimama ni ile taa nyekundu ya nyuma. Isipowaka, atatambua akiwa amekukaribia mno, na wa kwanza kugongwa ni abiria uliyempakia.

Katika pikipiki za zamani, kwa mfano Honda CG125 iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1976, kuna swichi ndogo ya taa hiyo karibu na kanyagio la breki ya nyuma. Ukikanyaga, springi huvuta kijiti, vipande vya shaba vilivyomo ndani hugusana na umeme hupita. Kwa kuwa swichi hii iko chini, hurushiwa maji na matope kila siku. Miaka ikipita, shaba hushika kutu na springi hulegea.

Hata hivyo, usiilaumu swichi kabla ya kuchunguza balbu. Balbu ya nyuma huwa na nyuzi mbili, mmoja hafifu wa kuendeshea usiku na mwingine mkali wa breki. Kwa hivyo, taa kuwaka usiku si ushahidi kwamba ile ya breki ni nzima. Ukinunua nyingine, hakikisha inalingana na betri yako, kwani kuna pikipiki kuukuu za volti 6 na nyingine za volti 12.

Sasa washa pikipiki kwa ufunguo. Chomoa nyaya mbili za swichi na uzigusishe kwa muda mfupi. Taa ikiwaka, ujue ugonjwa umo ndani ya swichi. Jihadhari waya usiguse chuma cha pikipiki, la sivyo fyuzi itaungua.

Zima ufunguo, ondoa springi, kisha toa swichi. Ifute kwa tambara kavu na mswaki wa zamani. Ikiwa ni ya kufunguka, ifungue polepole kwa bisibisi nyembamba, maana ndani mna vitu vidogo vinavyoweza kuruka na kupotea. Sugua shaba kwa msasa laini mpaka ing'ae, kisha urudishe kila kitu mahali pake. Ukikuta shaba imeungua au plastiki imepasuka, usihangaike nayo. Nunua swichi mpya. Springi iliyolegea pia ibadilishe.

Ukiirudisha, kuna kazi ya kurekebisha. Shika mwili wa swichi usizunguke, kisha zungusha nati yake. Ukizungusha mwili wenyewe utazisokota nyaya na kuzikata. Swichi ikipanda, taa huwahi kuwaka, ikishuka, huchelewa. Inafaa iwake breki ikikaribia kushika, na izime mara tu unapoondoa mguu. Kila unapokaza breki ya nyuma, kagua swichi tena.

Kuna ujanja wa aina mbili ambao ningekusihi uuepuke. Wa kwanza ni kuunganisha nyaya moja kwa moja ili taa iwake wakati wote. Askari wa trafiki huenda akaridhika anapoiona ikiwaka, lakini dereva aliye nyuma hawezi kujua ni lini unasimama. Taa isiyozimika ni sawa na mtu anayepiga mayowe usiku kucha; siku ya hatari, hakuna anayeamka.

Wa pili ni kufunga kipande cha waya badala ya springi. Kanyagio hushuka mbali kuliko kijiti kinavyoweza kufuata. Springi hunyumbuka ikameza tofauti hiyo. Waya haunyumbuki, hivyo utakanyaga kwa nguvu siku moja na kuing'oa swichi nzima.

Baada ya kazi hiyo, huhitaji msaidizi wa kukutazamia. Jioni giza linapoingia, egesha pikipiki mgongo wake ukielekea ukuta. Kanyaga breki ya nyuma, kisha ubane ya mkono. Ukuta ukigeuka mwekundu mara zote mbili, umemaliza. Ukigeuka mara moja tu, swichi moja bado inakudai. Fanya hivyo kila wiki, kwani taa hii iko mgongoni mwako na huwezi kuiona ikifa.

Hadi Jumapili ijayo, msomaji wangu, safiri salama.