Daftari la Wiki: Fundi Anasikiliza Kompresa

Jumatatu

Siku hizi za mwanzo wa Machi jua la mchana hupita karibu utosini kabisa hapa Dar es Salaam. Kivuli cha mtu humkusanyikia miguuni, na uso wake hupata mwanga wa kutoka juu tu: paji linang'aa, macho yanazama kwenye mashimo meusi, chini ya pua panatokea kidoa cheusi. Na ndiyo saa ambayo picha zetu nyingi za mahafali na za vikao vya familia hupigwa, watu wamepangwa safu uwanjani, wamekunja nyuso. Mpiga picha anawaambia watabasamu na wanatabasamu kweli, lakini mwanga umeshawaandika hasira.

Anayejifunza kazi hii hufika siku akaacha kulaumu nyuso na kuanza kutazama mwanga. Anawaomba watu wasogee barazani, nje ya jua lakini wakiwa wameelekea kweupe. Pale nuru inawajia kutoka upande mmoja, imeshagonga ukuta na mchanga na kupungua ukali. Macho yanafunguka, mabega yanashuka. Kamera ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba amegundua watu walio mbele yake wanaumia macho, akawahurumia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema ufundi uje kwanza, hisia zitafuata. Mtu aliyejua kuwatoa wenziwe juani ameshaanza kueleza hisia, hata kama mwenyewe anadhani ni suala la mwanga tu.

Jumanne

Kwenye pantoni ya jioni, kurudi Kigamboni, nimekaa na kijana mmoja wa mtaani kwetu. Kwa kazi ni fundi friji, karakana yao iko Gerezani. Picha anapiga siku za mapumziko na saa za njiani, wala hajawahi kulipwa. "Shikamoo mama," akaniamkia, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba alikuwa ameshafungua simu kunionyesha. Nimekuwa nikifuatilia picha zake kwa miaka kadhaa sasa, na leo nilimwomba anionyeshe zile za zamani pia, kwa mpangilio wa tarehe.

Za mwanzo ni machweo. Machweo ya Coco Beach, machweo ya Magogoni, mnazi mweusi mbele ya mbingu nyekundu. Siyadharau machweo, kila anayeanza huanzia kwenye kitu ambacho tayari ni kizuri chenyewe, na hilo linampa moyo. Ila picha hizo zingeweza kuwa za mtu yeyote. Halafu yanakuja majahazi, halafu watoto wanaoruka majini. Halafu, ghafla, picha zinaingia ndani ya karakana, na hapo ndipo nilipomwomba apunguze kasi ya kidole.

Zile za karakana zilizotangulia ni za pozi: mafundi wamesimama mbele ya friji, kila mmoja kashika spana, dole gumba juu. Miezi inapita. Madole gumba yanatoweka. Inakuja picha ya mikono inayokunja bomba la shaba, picha ya mteja anayehesabu noti na kuzirudia, picha ya mwanafunzi wa kazi aliyelala kwenye boksi la friji mpya. Kisha inakuja hii ambayo nimeifikiria tangu jioni.

Fundi mkuu wao, mzee wa makamo, ameinama nyuma ya friji. Ncha ya bisibisi ameigusisha kwenye kompresa, mpini ameuweka sikioni. Mafundi husikiliza hivyo: chuma hupeleka mtetemo hadi sikioni, na mwenye uzoefu hujua kama kompresa inazunguka vizuri au inakwaruza ndani. Amefumba macho. Mdomo umeachama kidogo. Mtu mwingine anaweza kudhani anaswali au anakumbuka jambo, maana ni uso wa mtu ambaye kwa wakati huo hayuko na sisi.

Nilimuuliza aliipataje. Akasema kwanza ilimchukua muda mzee azoee kamera, mpaka akaacha kusimama wima kila akiiona. Pili, alijua saa. Mzee hufumba macho mwishoni, baada ya kuwa ameshasikiliza upande mmoja na kuhamia wa pili. Fundi mwenziwe pekee ndiye angelijua hilo. Mpiga picha mkubwa kutoka nje angeingia na lenzi za thamani, angekaa saa nzima, na angebonyeza mapema.

Jumatano

Nyongeza kuhusu kamera ya kijana. Ni ya mtumba, yenye lenzi moja tu ya milimita 50, isiyovuta wala kurudisha. Akitaka uso uwe mkubwa lazima amsogelee mtu, na akimsogelea lazima awe amekaribishwa. Aliponunua alilalamika kwamba ameuziwa kitu pungufu. Sasa anakijua kipimo chake: hatua moja na nusu kwa uso, tatu kwa mwili. Lenzi ikifunguliwa sana, jicho linatoka wazi na sikio nyuma yake linafifia. Ikibanwa, rafu ya vipuri nayo inaonekana. Kwenye ile picha ya bisibisi ameifungua kiasi cha kuacha sikio na mpini viwe wazi, na macho yaliyofumbwa yaanze kulainika. Kwa kawaida hufundishwa kwamba jicho ndilo liwe kali. Yeye alichagua sikio, kwa sababu habari ilikuwa sikioni.

Alhamisi

Macho yale yaliyolainika yamenirudishia kichwani mpiga picha Julia Margaret Cameron. Alizaliwa Calcutta mwaka 1815, na hakuwa na kamera yake mwenyewe mpaka Desemba 1863, akiwa na miaka 48, bintiye na mkwewe walipompa moja zawadi. Familia ilikuwa imehamia Freshwater, kwenye kisiwa cha Wight huko Uingereza. Stoo ya makaa ya mawe akaigeuza chumba cha giza, na banda la kuku lenye vioo likawa studio.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko tunavyoweza kufikiria tukiwa na simu mkononi. Kioo hupakwa kolodioni, kinatiwa kwenye maji ya nitrati ya fedha, kinapelekwa kwenye kamera kikiwa bado kibichi, na lazima kisafishwe kabla hakijakauka. Nitrati ile humtia mtu weusi vidoleni. Anayepigwa picha alitakiwa kutulia, mara nyingine kwa dakika kadhaa. Januari 1864 alimpiga binti mdogo aitwaye Annie Philpot, na picha ile akaiita mafanikio yake ya kwanza. Ni mtoto aliyevaa koti lililofungwa vifungo, nywele zimetawanyika, anatazama pembeni. Tangu alipopewa kamera ulikuwa umepita mwezi mmoja hivi.

Wakuu wa upigaji picha wa London walimsema sana. Picha zake hazikuwa kali, vioo vilikuwa na michirizi na alama za vidole, na waliona ni uzembe. Yeye baadaye alieleza kwamba alipokuwa akirekebisha lenzi na kufika mahali palipompendeza, alisimama hapohapo, hakuendelea mpaka kwenye ule ukali ambao wengine waliushikilia. Baadhi ya watu husoma maelezo hayo na kumtetea kwa kusema hisia zilimtosha, ufundi hakuuhitaji. Mimi sioni hivyo. Tazama picha aliyompiga mwanasayansi John Herschel mwaka 1867: rafiki yake wa miaka mingi, mzee mwenye nywele nyeupe zilizoachwa huru, mwanga unamjia kutoka upande mmoja na kila kitu kingine ni giza. Mwanga ule haukutokea kwa bahati. Mwanamke yule alikuwa ameshajua kufunga mapazia na kufungua lile alilolitaka, na alimjua aliyekaa mbele yake kiasi cha kutoogopa kumsogelea.

Ninavyoona, ndani ya miaka michache alijifunza kwamba ukungu wa picha isiyo kali unaweza kuwa uamuzi. Kuna ukungu wa mkono uliotetemeka na kuna ukungu wa aliyechagua kusimama, na anayetazama picha kwa utulivu huitambua tofauti hiyo. Alipohamia Ceylon mwaka 1875 aliendelea kupiga, ingawa kwa uchache, mpaka alipofariki huko mwaka 1879. Miaka yake yote ya picha haikufika 16.

Ijumaa

Mpiga picha mwingine, naye aliyeanzia kwenye ufundi kama kijana wetu: Seydou Keïta wa Bamako alifundishwa useremala kabla ya kitu kingine. Mwaka 1935 ami yake alirudi kutoka Senegali na kamera ndogo ya Kodak Brownie, akampa Seydou. Mwalimu wa shule, Mountaga Dembélé, ambaye naye alipiga picha, akamwonyesha kazi ya chumba cha giza. Mwaka 1948 akafungua studio nyumbani.

Kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitandani mwake. Alikuwa akikibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, na baadaye aliweza kutaja umri wa picha kwa kutazama kitambaa tu. Alipiga uani, kwa mwanga wa jua, na kwa sababu filamu ilikuwa ghali, mteja alipata nafasi moja. Kubonyeza mara moja tu! Kwa hiyo kazi yote ilifanyika kabla: kichwa kigeuke kidogo, mkono uwekwe wapi, mikunjo ya vazi ishuke vipi. Studio ilikuwa na redio, saa za mkononi na suti za kuazima. Watu walikuja wakiwa na wazo la namna wanavyotaka kuonekana, naye aliwasaidia kulifikia.

Ninalisema hili kwa sababu wapenzi wa picha za siku hizi, kijana wetu akiwamo, hulidharau pozi. Wanaliona kuwa uongo, na kwamba ukweli ni ule wa kumnasa mtu hajui. Lakini mwanamke wa Bamako aliyekaa wima na kupanga vidole vyake juu ya gauni alikuwa akisema jambo kuhusu nafsi yake kwa makusudi kamili, na hilo pia ni hisia. Kuna heshima ya kumtazama mtu akiwa amejisahau, na kuna heshima ya kumwacha ajipange.

Jambo jingine la leo, la kiufundi. Kamera hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake kwa wastani ni kijivu. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera itapunguza mwanga kwa ajili ya ukuta na uso utazama gizani. Msogelee mpaka uso ujaze picha yote, kamera itaongeza mwanga na ngozi itatoka imepauka, kijivujivu. Kila mpiga picha wa Afrika hulipa ada ya somo hili. Na enzi za filamu mzigo ulikuwa mzito zaidi: Kodak ilizigawia maabara za kusafisha picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, zikajulikana kama kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha rangi sahihi. Marekebisho makubwa yalipokuja, sehemu ya msukumo ilitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao waliolalamika kwamba rangi za hudhurungi za bidhaa zao hazitofautiani pichani. Inauma kujua kwamba malalamiko ya kabati yalisikika upesi kuliko ya mtoto wa shule aliyetoka meno na macho tu kwenye picha ya darasa.

Kwa hiyo kijana anayekaa kwenye pantoni akirekebisha mwanga hatua moja juu, hatua nusu chini, mpaka wekundu ulio ndani ya weusi wa shavu la mwenzake uonekane, anafanya kazi ya upendo kwa kutumia namba. Nilimwambia hivyo. Akanitazama, akarudi kwenye namba zake.

Jumamosi

Tumebishana kuhusu rangi. Anataka ile picha ya bisibisi iwe nyeusi na nyeupe, kwa sababu anaona ina huzuni na rangi zinaipunguzia uzito. Mimi nasema huzuni haimo, mzee anasikiliza, na tukiondoa rangi tutakuwa tumemwongezea mtazamaji hisia ambayo mwenye uso hakuwa nayo. Pia rangi zenyewe zinasema: shaba ya bomba, ovaroli ya bluu iliyopauka magotini. Mpiga picha akishajua kugusa mioyo, kishawishi cha kuigusa mahali pasipostahili kinamjia, na kwangu hicho ni kipindi kigumu kuliko kile cha kujifunza lenzi.

Hakukubali, na sababu zake hazikuwa mbovu. Alisema macho ya watu hukimbilia friji nyekundu iliyo nyuma kabla hayajafika kwenye uso, na kwamba bila rangi sikio linaonekana haraka. Hilo ni kweli. Tukaafikiana asafishe zote mbili, pamoja na nyingine chache, ampelekee mzee mwenyewe.

Akazipeleka mchana baada ya kazi. Mzee alizitazama zote, akacheka alipojiona amefumba macho, akasema, "Hapa nafanana na marehemu baba." Kisha akazirudisha, akachukua moja ya zile za zamani ambazo kijana alizitia kwenye bahasha ili kujaza nafasi: mzee amesimama mbele ya karakana, kofia kichwani, spana mkononi, kifua mbele. Akaomba hiyo ikuzwe na kutiwa fremu, aipeleke nyumbani Kondoa.

Kijana ameniuliza kama atumie ileile au ampige upya. Nimemwambia ampige upya, asubuhi, kabla jua halijapanda, ovaroli ikiwa imefuliwa, na amwache mzee apange mwenyewe mikono yake.