Fundi si aliyefeli
Wafipa wa Nkasi na Sumbawanga hawakungoja vyuo vya ufundi vya VETA ndipo wajue ufundi. Wahunzi wao walijenga malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyoyeyusha mawe ya chuma kwa hewa iliyojivuta yenyewe, bila mivukuto. Kisha chuma kikasafishwa katika tanuri dogo, ndipo yakafuliwa majembe. Leo Chala, wilayani Nkasi, ufundi hufundishwa katika chuo cha maendeleo ya wananchi, kimoja kati ya vile ambavyo Tanzania ilianza kuvifungua mwaka 1975 kwa kuiga Sweden. Lakini wazazi wengi bado humpeleka huko mtoto yule tu aliyefeli mtihani. Ajabu ni kwamba plau ikikatika msimu wa kulima, mzazi huyohuyo atazunguka Sumbawanga nzima kumsaka fundi wa kuchomelea, tena akimpata habishani bei. Wa kwangu ningempeleka hata akiwa na daraja la kwanza.