Kisanduku Changu Kiko Wapi?

Wasee, wacha niseme hii kitu kabla inichome zaidi.

Juzi nilipewa kazi ya kukusanya maoni. Kuna watu hapa Nairobi wanataka kuanzisha jarida la muziki la vijana, na wanataka kujua tunapenda nini. Wazo poa. Nikaanza kujaza fomu yangu mwenyewe. Swali la tatu, elimu: niko chuo kikuu, au nimemaliza chuo kikuu. Imeisha hivyo. Mimi niliacha campo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Kumbe siku hizi kusikiliza ngoma kunahitaji digrii?

Nikauliza. Nikaambiwa niweke tu ya kwanza, na nisisumbuke kwenda mitaani sana, kwa sababu watu wa matangazo wanataka wasomaji wenye pesa.

Hapo ndipo tulikosana. Huo si utafiti. Huko ni kujipiga selfi halafu unasema umepiga picha ya Nairobi.

Angalia swali lingine: chagua aina moja ya muziki unayopenda. Moja? Jamaa wa boda hapa steji yetu asubuhi anacheza mugithi, mchana Arbantone, Jumapili nyimbo za injili. Ukimlazimisha achague moja, atakupa ile anadhani unataka kusikia, na wewe utaenda kuiandika kwa ripoti.

Na hii je: ungenunua jarida kwa shilingi 300? Karibu kila mtu niliyemuuliza alisema ndiyo. Si ndiyo ya fomu ni ya bure! Muulize hivi: mara ya mwisho ulilipia kitu cha muziki lini, na ulitoa ngapi? Hapo ndipo ukweli unatoka. Mmoja alinunua bando ya 20 aangalie video moja YouTube. Mwingine alijaziwa flashi kwa duka la muvi. Yule jamaa wa duka la muvi anajua nani anataka nini kuliko ofisi yenu yote, na hakuna mtu amewahi kumuuliza.

Lamba Lolo ya Ethic ilipolipuka 2018, haikutoka kwa fomu. Ilitoka mtaani, ikapanda matatu, ikafika kila mahali. Kama fomu yenu ingekuwepo wakati huo, Gengetone isingekuwa hata kwa orodha.

Kujua msomaji si uchawi. Kule Uingereza, jarida la Smash Hits lilianza 1978 likichapisha maneno ya nyimbo, kwa sababu watoto walitaka kuimba. Huku kwetu, sista yangu alikuwa na daftari ya shule imejaa maneno ya nyimbo, ameyaandika akisikiliza redio, na wenzake wakiiazima hadi kurasa zikachanika. Mtu angeiona hiyo daftari angejua cha kuchapisha bila kuuliza swali hata moja. Tazameni watu wanafanya nini na muziki tayari. Msiwapangie majibu.

Najua jarida haliendi bila matangazo, hiyo sipingi. Lakini wanaotangaza ni kina nani? Si ni wauza soda, kredo na bando? Hizo vitu zinauzwa kidogo kidogo, shilingi 20 hapa, 50 pale, kwa vibanda vya mitaa ileile mnairuka. Pesa yetu ni ndogo, lakini tuko wengi.

Mimi nilienda mitaani hata hivyo. Steji, kinyozi, duka la muvi. Niliwapelekea majibu 40, wakasema hayaingii kwa fomu. Basi kazi nikawarudishia. Na hiyo doo nilikuwa naihitaji, rent ni tarehe 5.

Lakini sitawasaidia kuandika kwamba sisi hatupo.

Sasa wewe niambie: mara ya mwisho ulilipia muziki lini, na ulitoa ngapi? Hakuna kisanduku. Andika vile ilikuwa.