Ubaguzi wa Rangi Haukomeshwi na Chombo Kisicho na Nguvu

Wapo watu wanaodhani kwamba serikali ikishaunda tume ya kupinga ubaguzi, basi ubaguzi umekwisha. Wapo na wengine wasemao kwamba tume hizo ni mapambo tu, wala hazimfai mnyonge kitu. Kauli zote mbili zina upungufu. Historia ya Uingereza, ambako vyombo vya namna hiyo vimekuwapo tangu mwaka 1966, inaonyesha kwamba chombo cha umma humtetea aliyedhulumiwa kwa kadiri ya mamlaka kiliyopewa, wala si zaidi. Ndiyo maana tunawaomba wasomaji wetu waitafakari historia hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watu wengi kutoka visiwa vya Karibiani, India na Pakistan walihamia Uingereza kutafuta kazi. Viwanda, hospitali na mabasi ya nchi hiyo vilihitaji mikono yao. Lakini wenye nyumba wengi waliwafungia milango, na waajiri wengi waliwakataa waziwazi. Wala halikuwapo kosa la kisheria katika jambo hilo. Mwaka 1963, katika mji wa Bristol, kampuni ya mabasi ilikataa kuwaajiri watu wasio weupe kuwa makondakta na madereva. Watu wenye asili ya Karibiani, msemaji wao akiwa kijana Paul Stephenson, wakaanzisha mgomo wa kutopanda mabasi hayo, na baada ya miezi minne kampuni ikasalimu amri. Ushindi huo ulipatikana kwa subira ya wananchi, pasipo msaada wa sheria ya ubaguzi, kwani sheria hiyo haikuwapo.

Sheria ya kwanza ya Mahusiano ya Rangi ilipitishwa mwaka 1965, na mwaka uliofuata ikaundwa Bodi ya Mahusiano ya Rangi, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Mark Bonham Carter. Sheria hiyo ilikataza ubaguzi katika hoteli, migahawa, majumba ya sinema na vyombo vya usafiri. Lakini ajira na makazi, yaani riziki ya mtu na mahali pa kulaza ubavu wake, viliachwa nje. Matokeo yake, malalamiko mengi yaliyoifikia Bodi yalihusu mambo ambayo haikuwa na uwezo wa kuyagusa. Mtu alikwenda kueleza kwamba amenyimwa kazi, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka 1967 ulitolewa uchunguzi ulioondoa shaka. Watu watatu walipelekwa kwa zamu kuomba kazi na nyumba zile zile: Mwingereza mweupe, mhamiaji mweupe kutoka Hungaria, na mtu asiye mweupe. Mara nyingi yule wa tatu alikataliwa hata pale ambapo Mhungaria alikubaliwa. Hivyo ikavunjika hoja ya wale waliosema kwamba watu hawa walikuwa wakikataliwa kwa sababu ya ugeni wao tu. Mwaka 1968 sheria ikapanuliwa kuingiza ajira na nyumba.

Hata hivyo, mwaka huo huo wa 1968 serikali ile ile ilifanya jambo la kustaajabisha. Waasia wa Kenya waliokuwa na pasi za Uingereza walipoanza kuhamia huko kwa wingi, Bunge lilipitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwazuia, huku ikiwaachia njia wale ambao wazazi au babu zao walizaliwa Uingereza, ambao kwa kawaida walikuwa weupe. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa rai kwamba kuwatenga watu hao kwa sababu ya rangi yao kulikuwa ni kuwadhalilisha. Basi ni dhahiri kwamba serikali yaweza kumkataza mwenye hoteli asibague, na wakati huo huo ikabagua yenyewe mpakani.

Sheria ya mwaka 1976 ilipiga hatua kubwa. Iliunda Tume ya Usawa wa Rangi, ikamruhusu mtu binafsi kupeleka shauri lake mahakamani bila kusubiri Bodi, na ikatambua ubaguzi usio wa moja kwa moja, yaani kanuni inayoonekana kuwa sawa kwa wote lakini inawaumiza watu wa kundi fulani bila sababu ya haki. Kwa msaada wa Tume hiyo, mwaka 1983 familia ya Kalasinga ilishinda shauri dhidi ya shule iliyomkataa mtoto wao kwa sababu ya kilemba chake. Lakini ushindi huo ulionyesha pia mpaka wa sheria. Makalasinga na Wayahudi walihesabiwa kuwa kabila; Waislamu, kwa kuwa wao ni watu wa makabila mengi, hawakuhesabiwa. Ilipasa kungoja hadi mwaka 2003 ndipo ubaguzi wa kidini kazini ukatazwe katika Uingereza yote.

Pengo jingine lilikuwa zito zaidi: kazi nyingi za polisi hazikufikiwa na sheria ya mwaka 1976. Tarehe 22 Aprili 1993 kijana mweusi wa miaka 18, Stephen Lawrence, aliuawa mjini London. Wazazi wake walidai haki kwa miaka mingi. Ripoti ya Jaji Macpherson ya mwaka 1999 ilithibitisha kwamba uchunguzi wa polisi uliharibiwa na uzembe, uongozi mbovu na ubaguzi uliojengeka ndani ya taasisi yenyewe. Mwaka 2000 sheria ikarekebishwa, na polisi pamoja na mamlaka nyingine za umma zikawekwa chini yake.

Mwaka 2007 Tume ya Usawa wa Rangi iliunganishwa na nyingine kuwa Tume ya Usawa na Haki za Binadamu. Mwaka 2020 Tume hiyo ilitamka kwamba Wizara ya Mambo ya Ndani ilivunja wajibu wake wa kisheria katika sera zilizowatesa wahamiaji wa zamani kutoka Karibiani. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini wazee wengi walikuwa wamekwisha kupoteza kazi na makazi, na baadhi yao walikuwa wamefukuzwa nchini.

Ndugu msomaji, kila hatua katika safari hii ilitanguliwa na machozi ya watu fulani waliokataa kunyamaza. Kwa hiyo popote tunapoambiwa kwamba imeundwa tume ya usawa, tusiridhike na jina lake. Tuulize: Je, inaigusa riziki ya mtu na makazi yake? Je, mnyonge aweza kuifikia, na kwenda mahakamani ikimkawilia? Je, inaweza kuihoji serikali iliyoiunda? Ikiwa jibu ni hapana, basi kazi bado haijakwisha, na wajibu wa kuidai haki unabaki mabegani mwetu.