Matairi ya Nyuma na Mteremko wa Sekenke
Hapana shaka kwamba wenye magari ya mwendo, mathalani Toyota Altezza na Mark II, ambayo aghalabu nguvu za injini zake hupelekwa kwenye magurudumu ya nyuma, huifurahia sana lami itokayo Singida kwenda Nzega. Lakini ni wajibu wao kufahamu kwamba tairi la nyuma, maadamu ndilo lisukumalo gari zima, huliwa upesi kuliko la mbele, na likishakuwa kipara haliwezi tena kuyakamua maji ya mvua, hata gari likateleza mkia katika kona za mlima Sekenke, kabla ya kufika Shelui, na dereva asipate wasaa wa kulirudisha. Kwa hiyo kashata ya tairi isingojewe mpaka ifike kina cha milimita 1.6, ambacho nchi nyingi zimekifanya kuwa kikomo cha sheria, bali matairi yabadilishwe mapema, mawili kwa pamoja, ya kipimo na aina moja. Wala mnunuzi asihadaike na tairi la mtumba lenye kashata nene, ila asome ubavuni tarakimu 4, ambazo mbili za awali ni juma na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwani mpira huchakaa hata ukiwekwa ghalani. Nawasihi basi ndugu zangu wa Singida, wakati mavuno ya alizeti yanapowatia fedha mikononi, watenge kwanza fungu la matairi, ili mvua za Desemba zisiwakute katika ajizi, ilhali roho za abiria ni amana waliyokabidhiwa.